Kalenga, kichwa cha Mtwa Mkwawa, na mimi wa Mazingara

Najua nimepotea, mnisamehe. Tesiti zilinibana, halafu bumu likachelewa, na mtu ukiwa na njaa hata kuandika huwezi. Leo nipo, na stori yenyewe ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama una chai karibu ivute kabisa.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kutembea. Si mimi niliyepanga, mimi ni mtu wa uhasibu, historia niliiacha kidato cha nne na sikuaga. Mshikaji wangu wa chumba anasoma ualimu, darasa lao lilikodi Kosta kuzunguka mji wa Iringa na kwenda Kalenga kwa Mtwa Mkwawa. Kukabaki siti moja. Akaniambia, "Toa elfu kumi twende, utakaa Iringa miaka mitatu uondoke hujaona kitu zaidi ya kantini?" Nikaona aibu. Nikatoa.

Kwa wale mlioko Dar na Tanga, Iringa mwezi wa sita msiichezee. Saa moja asubuhi tulikuwa tumesimama getini tunatoa moshi mdomoni kama treni. Mimi wa Handeni, mtoto wa joto na vumbi, nilivaa sweta mbili na bado meno yakawa yanagongana.

Tulianzia juu ya jiwe la Gangilonga. Maana yake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wenyeji wanasema Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari. Ukiwa juu unauona mji wote, mabati, miti, na milima kwa mbali. Halafu tukashuka mjini kwenye Makumbusho ya Boma. Jengo ni la Wajerumani, lilijengwa kama hospitali yao ya kijeshi miaka ya 1900 hivi, na tangu 2016 limekuwa makumbusho. Humo nikajifunza kitu ambacho nilipaswa kukijua siku ya kwanza niliposhuka stendi: Iringa si jina la mji huu. Ni neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Na ngome yenyewe haikuwa hapa, ilikuwa Kalenga. Mji huu wa sasa Wajerumani waliuanzisha kilimani mwaka 1896, baada ya kuivunja ile ngome. Yaani walibomoa nyumba, wakaenda na jina.

Tukapita sokoni, dada zetu wakanunua vikapu, tukala chipsi, Kosta ikashika njia ya Kalenga. Ni kama kilometa 15 tu kutoka mjini, njia ile ile ya kwenda mbuga ya Ruaha. Njiani mwalimu mmoja akatuonyesha upande wa Tosamaganga. Inasemekana jina lile linatokana na kurusha mawe, kwamba mizinga ya Wajerumani ilirusha "mawe" kutoka kule mpaka ndani ya ngome.

Kalenga kwenyewe usitegemee jumba. Ni kijiji, watu wana mahindi yao, watoto wanacheza, na katikati kuna kijumba kidogo cha makumbusho. Nje kuna makaburi ya watu wa ukoo, Chifu Sapi mtoto wa Mkwawa, na Chifu Adam Sapi mjukuu wake, yule aliyekuwa Spika wa Bunge letu kuanzia 1962. Mzee aliyetupokea alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufi. Tukamwambia "Kamwene", akacheka, akajibu, halafu akatuuliza kila mmoja anatoka wapi. Nikasema, "Shikamoo baba, mimi natoka Handeni, Mazingara." Akasema, "Marahaba. Mzigua. Umetembea mbali."

Mle ndani kuna mikuki, ngao, marungu na bunduki za zamani. Na katikati, ndani ya kioo, kuna fuvu.

Wadau, nilidhani nitapiga picha niwaonyeshe. Simu ilibaki mfukoni. Unasoma kwenye kitabu "kichwa cha Mkwawa kilirudishwa" na inapita tu kama majibu ya mtihani. Ukisimama pale ni kichwa cha mtu.

Mzee akaanza kutupa stori, nami nawapa kwa kifupi. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe walivizia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, waliyemwita Nyundo. Nyundo akauawa pale pale pamoja na mamia ya askari wake. Sasa wewe unayepita Lugalo ya Dar kila siku kwenye daladala, jina linatoka huku. Wajerumani wakajipanga miaka mitatu. Tarehe 30 Oktoba 1894 wakaichukua Kalenga kwa mizinga. Mkwawa hakushikwa. Akaingia porini na kuwasumbua karibu miaka minne. Wakamweka mdogo wake Mpangile awe mtawala, halafu mwaka 1897 wakamnyonga wakidai anamsaidia kaka yake. Wakaweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, walipokuwa wamemkaribia, akajipiga risasi mwenyewe. Walipofika wakakuta maiti. Wakakata kichwa.

Katika hadithi hii jina la ofisa mmoja linarudi rudi, Tom von Prince. Wenyeji walimwita Sakarani, aliyelewa, na ulevi wake ulikuwa vita. Niliposikia Sakarani nikashtuka, maana mimi sekondari nilisoma milimani Lushoto, na kule karibu na Soni kuna mahali panaitwa Sakarani, wapo Wabenediktini. Miaka yote nilidhani ni neno la Kisambaa! Kumbe ni shamba la huyo huyo bwana. Alipomaliza kazi yake huku alikwenda kulima Usambara, na Novemba 1914 akauawa kwenye vita vya Tanga, Waingereza walipojaribu kuuteka mji. Kwa hiyo aliyemwinda Mkwawa amefia mkoani kwetu, na mimi nilipita kwenye shamba lake nikienda kununua maandazi.

Sasa kichwa. Baada ya Vita vya Kwanza, kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kuna kifungu kabisa, cha 246, kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Fikiria, mkataba unaogawa dunia, na ndani yake kuna kichwa cha Mhehe. Wajerumani wakasema hawana habari nacho. Ikapita miaka zaidi ya thelathini. Halafu gavana Edward Twining akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa yamepangwa kwa wingi. Wakalinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, wakapata moja lililofanana na lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likaletwa Kalenga. Miaka 56.

Hapo jamaa mmoja wa kwetu, mbishi kama kawaida, akauliza swali ambalo nadhani wengi tulikuwa nalo. "Samahani mzee. Kupima kichwa tu, bila vipimo vya damu kama vya siku hizi, mnajuaje kwamba ni chake?"

Kimya. Mwalimu akamkazia macho. Mzee hakukasirika. Akasema, "Swali hilo wameuliza wengi, na wasomi wakubwa kuliko wewe wameandika. Mimi nakwambia hivi. Kama ni la Mtwa, amerudi. Kama ni la mwingine, basi ni mtoto wa mtu aliyekatwa kichwa akapelekwa Ulaya, naye sisi tumempokea. Ungetaka tumrudishe kwenye kabati?"

Hakuna aliyejibu. Akaongeza taratibu, "Na mwili wake uko Mlambalasi. Bado hawajakutana."

Sasa hapa ndipo nilipotoka nje, nikasingizia kwamba naenda msalani. Wengine mnajua, wengine sikuwaambia. Februari babu yangu alifariki, kule Mazingara. Babu ndiye aliyenilea. Ujana wake alikata katani kwenye mashamba ya Korogwe, mikono ilikuwa migumu kama gome, na ndiye aliyeuza mbuzi wawili nikapata nauli ya kuja kuripoti chuo. Mama alinipigia alfajiri. Sisi Waislamu, mazishi hayasubiri, alasiri ile ile walimzika. Kutoka Iringa mpaka Morogoro, mpaka Chalinze, ubadilishe gari uingie ya kuelekea Segera, hata ningepaa nisingewahi. Na kesho yake nilikuwa na mtihani. Mama akasema, "Kaa ufanye mtihani, mwanangu, babu yako angetaka hivyo." Nikakaa. Nikafanya. Nikapata B.

Hiyo siyo aibu yangu. Aibu yangu ni likizo ya Machi. Nilikuwa na muda na nauli nilikuwa nayo. Nikamwambia mama kwamba nina kazi ya darasa, nimebaki chuo. Hakukuwa na kazi yoyote. Nililala tu. Nilikuwa naogopa kufika pale nyumbani nikute kile kiti chake cha kamba barazani hakina mtu. Nikajiambia kwamba nisipokwenda, basi ni kama bado yupo, nami ndiye niliye mbali.

Nimesimama pale nje ya makumbusho, karibu na makaburi ya machifu, nikawa nafikiria kwamba watu hawa walidai kichwa kwa miaka 56. Hawakuwa na meli wala ubalozi wala hata nchi yao wenyewe, lakini hawakuacha kukitaja. Mimi mtu wangu yuko umbali wa siku moja ya basi, mzima wa mwili wote kaburini, na nimeshindwa.

Mzee alinifuata. Sijui nilikuwa na sura gani. Akaniuliza, "Mzigua, vipi?" Nikamwambia ukweli, kwa kifupi. Hakunipa mawaidha. Aliniuliza tu, "Kaburi lake unajua liko upande gani wa nyumba?" Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kufunga madirisha.

Kwenye gari kurudi mbishi wetu akawa amenyamaza, halafu akaanza kutusomea kwenye simu yake. Kumbe Mkwawa hayuko peke yake. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900 na ukoo wake umetafuta kichwa chake miaka yote. Songea Mbano vile vile. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu. Mwaka huo huo pia Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeunganisha mafuvu machache ya Kilimanjaro na jamaa walio hai. Kwa hiyo kuna vikongwe huko Uchagani wametoa mate yao kwenye kijiti ili babu apatikane. Mate yangu mimi nayatumia kumdanganya mama.

Usiku nikampigia. Salamu, habari za mvua, habari za mahindi. Halafu nikauliza, "Mama, hivi kaburi la babu liko upande gani?"

Akanyamaza kidogo. "Chini ya mwembe, karibu na bibi yako. Tumeweka mawe mawili, kichwani na miguuni. Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

"Njoo utaliona," akasema. Halafu, "Likizo ile hukuwa na kazi, eeh?"

Mama zetu hawa, jamani. Nikasema hapana, sikuwa na kazi. Akasema, "Nilijua. Nimekuachia." Tukaongea habari nyingine.

Mitihani ya mwisho wa muhula inaisha Julai. Siku inayofuata mimi sibaki Iringa hata kwa chai, nimeshaanza kutenga nauli kwenye soksi. Jamaa wa chumba ameshaniambia kwamba mwakani anataka twende Mlambalasi, nimemwambia sawa, ila kwanza mwembe.

Kama uko Iringa na hujafika Kalenga, nenda. Ukifika, simu weka mfukoni kwanza. Na kama kuna mtu kwenu hujampigia, mpigie leo, vocha ya kukopa ipo.

Ngoja nikafue, maji yametoka. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.