Merikebu Iliyoitwa Kenia

Mtu asimamaye penye kilima cha Nyeri asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, huona vilele vya mlima wa Kenya upande mmoja, na upande wa pili safu ya Nyandarua. Kati ya milima hiyo hupita mito mingi: Chania, Gura, Thego, Ragati na mingineyo. Hakuna hata mmoja uwezao kuchukua chombo. Maji yake ni baridi, hukimbia juu ya mawe, na wakati wa kiangazi mtoto aweza kuivuka bila kulowa magoti. Ile ya Naro Moru na Nanyuki huelekea kaskazini, ikaingia Ewaso Ng'iro. Lakini hii ya Nyeri hukusanyika katika Sagana, na Sagana, ikiisha kushuka nchi ya tambarare, huitwa Tana, mto mrefu kupita yote katika Kenya, nao humwaga maji yake baharini karibu na Kipini.

Wengi wanaoyateka maji hayo kila siku hawajui kwamba katika mwaka 1891 mto huo ulipandwa na merikebu ndogo ya moshi, na jina lake merikebu hiyo lilikuwa Kenia. Ilikuwa mali ya kampuni ya Imperial British East Africa, na mkuu wa safari alikuwa Kapiteni F. G. Dundas. Kampuni ilitaka kujua kama Tana yaweza kuwa njia ya kutoka pwani hata nchi za mlimani, kwani siku zile mizigo yote ilichukuliwa vichwani mwa wapagazi, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Chombo cha namna hiyo hakikuundwa kama merikebu za bahari. Merikebu ya bahari ina mkuku mrefu unaokwenda chini sana. Hii ya mtoni ilikuwa na tumbo bapa, ipate kuelea penye maji machache. Nyuma yake, tezini, palikuwa na gurudumu kubwa lenye mbao pana zilizopiga maji kama makasia. Gurudumu la nyuma hulindwa na mwili wa chombo, nalo likivunjika ubao, seremala aweza kutia mwingine papo hapo ukingoni.

Moto wake ulikuwa wa kuni. Nayo kuni ina sharti zake. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Kuni laini huwaka upesi ikaisha kabla ya chombo kupita kona mbili za mto. Hufaa mti mgumu, uliokatwa zamani na kukauka vema. Merikebu ikiishiwa kuni hulazimika kufunga ukingoni, mabaharia washuke na mashoka, na siku za safari huliwa na siku za kukata miti. Wenyeji wa mito iliyopandwa na merikebu nyingi walijua hasara yake, maana miti ya kando ya maji ndiyo ishikayo ukingo usiporomoke.

Lakini kazi ngumu kupita zote ni ile ya boila. Maji ya boila huchotwa mtoni, na maji ya Tana wakati wa mvua ni mekundu kwa udongo. Maji yakichemka huondoka kwa mvuke, udongo hubaki. Hutulia chini, hukauka juu ya chuma, na mwisho huwa gamba gumu. Gamba hilo huzuia joto lisifike majini. Ndipo kuni hutumika nyingi zaidi ila mvuke hauongezeki. Na chuma kisichopozwa na maji hulainika, huvimba, na hatimaye chaweza kupasuka na kuua watu. Kwa hiyo fundi mwangalifu hukitazama kioo cha maji wakati wote, hufungua bilula ya chini mara kwa mara ili matope yatoke, na katika siku zilizowekwa huzima moto, hungoja boila lipoe, akaingia kulikwangua. Abiria hawaioni kazi hiyo wala hawaisifu. Huijua siku ile tu ilipoachwa.

Basi Kenia ilipanda mpaka mahali ambapo maporomoko na miamba huzuia chombo chochote. Toka hapo Dundas na wenzake, mmoja wao akiwa C. W. Hobley, walikwenda kwa miguu kuutafuta mlima. Walijaribu kuupanda kwa upande wa kusini, wakafika kama futi 8,700, kisha msitu ukawashinda, wakarudi. Kilele cha Batian hakikukanyagwa na mpandaji yeyote ajulikanaye hata mwaka 1899, alipofika Mackinder. Merikebu yenyewe ilitumwa katika mwaka 1892 kupanda mto Juba hata Bardera, na huko mabaharia wake waliyaona mabaki ya Welf, merikebu ya moshi ya Baron von der Decken, iliyovunjwa na miamba katika mwaka 1865.

Watu wa Nyeri, basi, hawakuletewa mvuke kwa njia ya maji. Waliletewa kwa reli. Gari la moshi lilifika Thika mwaka 1913, na baadaye likafika Nanyuki. Moto wa gari la moshi na wa merikebu ni mmoja, na boila zake huharibika kwa ugonjwa ule ule wa maji machafu.

Hata hivyo Tana haikuachwa bila kazi. Mbali chini ya Sagana maji yake yalizuiwa kwa mabwawa, yageuze mitambo ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Na huko adui ni yule yule wa zamani. Mto ukiingia bwawani hupunguza mwendo, na udongo uliokuwa ukichukuliwa hutulia chini, kama ulivyotulia ndani ya boila. Kila mwaka nafasi ya maji hupungua. Ila hapa tofauti ni kubwa: boila lina bilula ya kutolea matope na fundi wa kulikwangua, bali bwawa lenye upana wa maili nyingi hakuna awezaye kulikwangua kwa mkono.

Udongo huo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka katika nchi kavu za chini, na sehemu hutoka katika miteremko ya Othaya, Mukurwe-ini, Murang'a na Embu, ambako shamba limelala kama paa la nyumba. Mkulima aonapo maji mekundu yakitoka shambani baada ya mvua, aweza kudhani kwamba habari yake imekwisha. Haikuisha. Kwanza yeye mwenyewe amepoteza udongo wa juu, ulio chakula cha mahindi na kahawa yake. Kisha mtu asiyemjua, aliye mbali, atakosa mwanga kwa ajili ya udongo ule ule. Ndiyo sababu katika mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, watu wa chini wapate kuwasaidia wakulima wa juu kuchimba matuta, kupanda majani penye kingo za matuta, na kuacha miti kando ya mito.

Merikebu Kenia haikufika hata kwenye miguu ya mlima ulioipa jina. Lakini kila ndoo ya maji iliyotiwa katika boila lake ilikuwa na kidogo cha udongo wa nchi za juu, na fundi wake alilazimika kuushughulikia kila siku. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye shamba juu ya Gura au Ragati ndiye fundi wa kwanza wa mto huo, na bilula yake ni tuta alichimbalo kabla mvua haijanyesha.