Managu Mbili

Jumapili, 9 Machi 2025, Umoja

Mama mboga wa kona yetu ana managu za aina mbili leo. Ya majani mapana ni laini, haina uchungu sana. Ya majani madogo ni kali, na kuna wateja wanaoamka mapema kwa ajili yake tu. Nikamwomba mbegu. Akanifungia vipande viwili vya gazeti: "Hii tunda lake jeusi, hii la rangi ya machungwa. Zimekaa pamoja shambani kule Njiru miaka yote na hazijawahi kuchanganyika, mwanangu."

Usiku nimezimwaga juu ya tishu mbichi, sahani mbili. Nyeusi ni Solanum scabrum, ya machungwa Solanum villosum. Mjini hapa kila mtu, hata mimi kwenye daftari hili, huandika Solanum nigrum, ambayo kwao ni Ulaya na Asia.

Jumanne, 18 Machi

Mizizi imefika urefu wa ukucha. Nimekata ncha asubuhi, wakati seli zinagawanyika, nikazitia kwenye spiriti vipimo vitatu na asidi ya siki kimoja. Matatu ilinuka achari hadi mjini. Kondakta aliuliza nani amebeba.

Alhamisi, 20 Machi

Slaidi ya kwanza nimeivunja kwa kidole gumba changu mwenyewe. Ncha ya mzizi ikishapakwa rangi huwekwa chini ya kioo chembamba na kukandamizwa ili seli zitandazike. Ukizidisha, kioo kinapasuka. Ya pili ikakubali. Kromosomu za jenasi hii ni vijiti vidogo mno, mithili ya chawa waliomwagwa. Villosum: 46, kisha 48, kisha 48 tena. Scabrum ilinitoa machozi mpaka saa kumi: 72.

Seti moja ya msingi ni kromosomu 12. Nyanya ina 24, kiazi 48, na zote mbili ni Solanum. Kwa hiyo sufuria yetu ya jana, ya managu, nyanya na kiazi, ilikuwa mkutano wa ukoo mmoja, kitunguu tu ndicho mgeni.

Na mama mboga yuko sahihi kwamba hazichanganyiki. Chavua ya villosum hubeba 24, yai la scabrum 36. Zikikutana, mtoto ana 60, yaani seti tano za 12, na wakati wa kutengeneza chavua na mayai seti ya tano haina mwenzake wa kushikana naye. Hata mmea ukiota, huwa tasa. Tena ua la managu mara nyingi hujichavusha lenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Hesabu haisemi nani mzazi wa nani. 48 inaweza kuwa spishi moja iliyojirudufu, au mbili zilizooana. Hapo ndipo DNA inaingia, na nayo huaibisha wakubwa wa botania: Linnaeus aliiweka nyanya ndani ya Solanum mwaka 1753, mwaka uliofuata Miller akaitoa, na ilikuwa 1993 ndipo DNA ya kloroplasti ilipotoa ushahidi wa kuirudisha.

Nimempelekea mama mboga habari ya 60. Akacheka: "Si nilikwambia?" Akanipimia fungu la majani madogo bila kuniuliza nataka ipi.

Bahasha za mbegu nimeziandika upya: scabrum 72, villosum 48. Nigrum nimeifuta daftari zima.