Spiriti na Maji Yake

Baba yangu ni seremala. Spiriti yenye maji huitia vanishi yake ukungu mweupe, kwa hiyo somo la kukeneka halikuwa mchezo kwangu. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78.3, maji 100. Ungedhani subira yatosha. Haitoshi! Ikifika sehemu 95.6 katika 100 kwa uzito, huchemka pamoja na maji yaliyosalia, na mvuke huwa sawasawa na kilichomo chupani. Mwaka 1902 Sydney Young alitia benzini, ikayachukua maji katika mvuke. Lakini hiyo ni sumu ya damu. Bwana Mwalimu alitumia chokaa isiyozimwa, tukakeneka tena. Unga wa mrututu uliokaushwa, ambao hugeuka buluu ukipata maji, ulibaki mweupe. Nimeomba chupa ndogo nimpelekee Baba likizoni; Mwalimu angali akifikiri.