Siku ya Ukoo Kisiwani Mombasa

Ukoo uliotawanyika ukitaka mji wa kukutania, mimi nautajia Mombasa, na sababu yangu kubwa ni chakula chake. Kwingi, siku ya jamaa kukutana huwa siku ya kazi kwa wanawake. Alfajiri wako kwenye masufuria, adhuhuri wanapakua, alasiri wanaosha vyombo, na watu wanapoagana ndipo unapotambua kwamba hukupata hata robo saa ya kuzungumza na shangazi yako. Mombasa humtua shangazi mzigo huo. Mji wenyewe unapika, tena unapika vizuri, kuanzia alfajiri mpaka usiku mwingi, na ukoo unabaki na kazi ya kutembea, kula na kuzungumza.

Njia za kufika ni nyingi. Walioko Nairobi hupanda Madaraka Express, treni iliyoanza safari zake mwaka 2017, wakateremka Miritini baada ya saa tano au sita. Walioko Tanga huvuka mpaka Horohoro na Lunga Lunga, kisha wakaingia kisiwani kwa feri ya Likoni, miguu ikisukumana na baiskeli na mikokoteni. Wa Muscat na wa Toronto hushuka uwanja wa ndege wa Moi. Mwezi wa Agosti ndio bora, kwa sababu shule zimefungwa na joto limepungua.

Asubuhi ni ya Mji wa Kale, na staftahi ya Mji wa Kale ni mbaazi kwa mahamri. Ingieni hoteli yoyote ndogo upande wa Kibokoni ambako wenyeji wenyewe wamejaa. Hamri la hapa hukandwa kwa tui la nazi na iliki, likaachwa liumuke, na likitiwa mafutani hufura mpaka likawa na uwazi ndani. Mbaazi hulowekwa usiku kucha, huchemshwa zikalainika, kisha hutiwa tui zito na kuachwa motoni polepole hadi rojo lishike. Unalipasua hamri, unachota, na chai ya maziwa yenye tangawizi iko pembeni. Nimemwona mama mdogo, aliyekaa ughaibuni muda mrefu, akimaliza hamri la kwanza bila kusema neno, halafu akamwita mhudumu: “Kaka, nitilie mbaazi nyengine.” Mezani kulikuwa na watoto waliozaliwa huko huko mbali, na hawakuwahi kumsikia mama yao akiagiza kitu kwa lafudhi hiyo.

Baada ya hapo ni kutembea, ili tumbo lipate nafasi. Shukeni Ndia Kuu, mkitazama milango ya kuchonga na roshani za mbao, hadi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wazee hawana haja ya kupanda kuta zake. Wao watafutieni baraza yenye kivuli na muuza kahawa mwenye dele lake. Kahawa chungu katika kikombe kidogo na kipande cha kashata huwafanya wazee waanze kutajiana nani alimzaa nani, na vijana wenye akili hukaa karibu wasikilize.

Mchana ni biriani. Hapa sina upole: mtu akifika Mombasa na jamaa zake akaenda kula chipsi, amejinyima. Biriani ya Mombasa hupikwa mafungu mawili. Nyama huiva katika masala ya mtindi, nyanya na vitunguu vingi vilivyokaangwa hadi vikawa vya hudhurungi, na wali hupikwa mbali ukatiwa rangi ya zafarani. Hukutana wakati wa kupakua. Ombeni mletewe kwa sinia badala ya sahani. Hoteli nyingi za Mji wa Kale zimezoea, na kaunta ya kunawia mikono iko pale pale. Sinia linapotua katikati, pamoja na kachumbari, ndimu, pilipili na jagi la sharubati ya ukwaju, mpangilio wa ukoo unajionyesha wenyewe. Bibi huichambua nyama kwa vidole na kuisukuma kidogo kidogo upande wa wajukuu, huku mwenyewe akila wali. Ukimwambia, “Bibi, kula nawe,” atakujibu kwamba anakula. Binamu waliokuwa hawajuani asubuhi wanagongana vidole kwenye masala, wanacheka, na ukimya wa ugeni umekwisha. Sahani za mtu mmoja mmoja haziwezi kufanya hivyo.

Alasiri, jua likishapungua makali, watu wote wa kisiwani huelekea Lighthouse, kando ya Barabara ya Mama Ngina, nanyi nendeni nao. Ufuo huo ulifanyiwa ukarabati mkubwa, na sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zilifanyika hapo. Mibuyu mikongwe imesimama juu ya jabali, na meli za makontena zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi kwamba mtoto anaweza kusoma jina lililoandikwa ubavuni. Chakula chake ni mihogo. Muuzaji huitoa juu ya makaa, anaipasua katikati, anachovya nusu ya ndimu kwenye pilipili iliyochanganywa na chumvi, kisha anaipaka ndani huku akiikamua. Kuna viazi karai vya kuchovya kwenye ukwaju, kuna krisps za mihogo kwenye karatasi, na kuna madafu. Ukishamaliza maji, mwenye panga hulipasua dafu na kukukatia kipande cha kumbi kiwe kijiko cha kukombea nyama laini iliyomo. Hakuna anayelipa pesa nyingi hapa, na ndiyo sababu mjomba mwenye mfuko mwembamba anaweza kuwa mwenyeji wa watu kumi na mbili na akafurahi.

Usiku ni wa mishkaki na kuku wa kuchoma, kule Makadara kwa mfano, meza zikiwa nje na moshi ukipita juu ya vichwa. Kufikia hapo hakuna mwenye njaa, lakini hakuna anayetaka kwenda kulala.

Neno moja la fedha. Kusanyeni michango kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe, na mmoja tu ashike mfuko, kwa maana ami wawili wakianza kugombea bili mbele ya mhudumu, mmoja ataondoka na kinyongo. Kinachobaki kinunue halua, achari za maembe na mabuyu mekundu, na Bibi ndiye apange nani apelekewe nini: pakiti hii ni ya Tanga, hii ya Muscat, na ile kubwa ni ya dada aliyenyimwa likizo, apate kujua kwamba mwakani anangojwa.