Kalemie: kupunguza mafuta ya mwili bila kupoteza nguvu ya mgongo

Kwenye bandari ya Kalemie, jimbo la Tanganyika, kuna baba mmoja aliyepita miaka 40 ambaye mgongo wake ndio unalipa shule ya watoto. Anashusha magunia ya kilo 50 kutoka kwenye mashua, na analipwa kwa hesabu ya magunia. Lakini tumbo lilikuwa limetoka, na kwenye kituo cha afya walimpima wakakuta shinikizo la damu limepanda. Wakamwambia apunguze uzito.

Alifanya kama wengi wanavyofanya. Aliacha kula asubuhi na mchana. Usiku alikula kipande cha bukari na sombe tu. Kwa sababu alikosa nguvu, aliacha kazi pia, akawa analala nyumbani. Mwezi ulipoisha, suruali ilimlegea, akafurahi. Aliporudi bandarini, gunia la tatu lilimpigisha magoti. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, kwani siku ile alirudi nyumbani na nusu ya pesa yake ya kawaida.

Alirudi kwa muuguzi kuuliza. Akajibiwa: “Papa, kilo zenye umepoteza si mafuta peke yake. Mwili ukikosa chakula, unakula na misuli yake. Na misuli yenye haifanyi kazi inakwisha haraka zaidi.”

Muuguzi alimpa njia nyingine. Asiwe na haraka: nusu kilo kwa juma inatosha. Apunguze bia ya jioni, soda, chumvi, mafuta yanayoelea juu ya sombe, na donge la bukari libaki nusu. Lakini maharagi, mayai na ndagala visikose kwenye sahani, mchana na jioni, kwani ndivyo vinajenga misuli. Aanze tena kubeba mizigo midogo, aongeze polepole, asizuie pumzi anapoinua. Usiku alale vya kutosha, na arudi kupimwa damu.

Ndagala wanauzwa bei, na watoto nao wanawahitaji. Bibi yake ndiye alipata jibu: “Baba watoto, ile pesa ya chupa mbili iletwe jikoni.” Sasa nyumba nzima inakula ndagala.

Tumbo linashuka polepole. Baba huyo hatazami mizani peke yake. Kila jioni anahesabu pia magunia.