Mfuko wa Kumi na Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, maji ya kidimbwi cha samaki yana baridi ya kukukumbusha dhambi zako zote. Niliingia hadi kiunoni, nikashika upande mmoja wa wavu, binamu yangu akashika wa pili. "Buruta chini kabisa," akasema. "Ukiinua tu, wanapita na tunaanza upya."

Tulikuwa karibu na Sagana, kwenye kituo kidogo cha kutotolesha samaki anakofanya kazi. Alikuwa amenipigia wiki hiyo: kuna vifaranga 4,800 wa tilapia wa kuvuna na kupeleka kwenye bwawa la kijiji cha shosho yetu, na watu hawatoshi. Malipo? Chai na githeri. Mimi nilikuwa Nairobi nikingoja mhariri fulani anilipe, kwa hivyo nikapanda mathree.

Nilidhani kuvuna samaki ni kuvuta wavu tu. Kumbe kazi huanza kabla, kwa kuwanyima chakula, maana samaki aliyeshiba huchafua maji ya safari. Mnavuna alfajiri kwa sababu maji ya baridi hubeba oksijeni zaidi. Kisha mnapakia: mfuko wa plastiki, maji theluthi moja, iliyobaki oksijeni ya mtungi, mnafunga kwa raba. Tulihesabu mia nne kila mfuko. Mifuko kumi na miwili.

Usiku uliotangulia nililala kwa shosho. Nilipomweleza kilichonileta, alicheka hadi akafuta machozi. Wakikuyu wengi wa rika lake hawakulelewa wakila samaki. Tena anakumbuka mradi wa serikali wa 2009, ule wa vidimbwi 200 kwa kila eneobunge lililochaguliwa. Kimoja kilichimbwa kwa jirani yake. Leo kina nduma.

"Mtaweka samaki," akasema. "Halafu nani atawaangalia?"

Hakuwa ananisema mimi, lakini nilijisikia nimesemwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Kwa ukoo wetu, mimi ndiye mfano wa vitu vinavyoanzwa.

Tulifika bwawani kama saa nne. Hapo usimwage samaki majini ovyo. Mfuko unaelea kwanza dakika ishirini hivi, ili joto la ndani lifanane na la nje. Kisha unaufungua, unaingiza maji ya bwawa kidogo kidogo, na unawaacha watoke wenyewe. Wanatoka kwa kusitasita, halafu ghafla hawapo.

Ilikuwa sura nzuri. Nikatoa simu nichukue video. Mfuko wa kumi na moja, niliokuwa nimeubeba, nikauweka ukingoni, juani, "dakika moja tu." Nikarekodi, nikarekodi tena kwa sababu kidole kilikuwa kimeziba kamera, nikasaidia kushusha mfuko wa mwisho, nikasahau.

Tulipoukumbuka, maji yake yalikuwa moto kama ya kuoga. Juu kulikuwa na matumbo meupe.

Nilingoja mama msimamizi anigombeze. Hakunigombeza. Alinipa karai na kusema, "Wahesabu. Lazima tuandike."

Kuhesabu samaki hai ni haraka: unahesabu kikombe kimoja, halafu unahesabu vikombe. Wafu nilihesabu mmoja mmoja, nikiwa nimechuchumaa, watoto wa kijiji wakinitazama. 263. Mama aliandika kwenye daftari, chini ya tarehe, bila jina langu. Hilo la kukosa jina ndilo liliniuma zaidi. Ile video niliifuta kwenye mathree nikirudi Nairobi.

Jioni ile kabla sijaondoka, shosho aliuliza, "Wamekufa?"

"263."

"Na wengine?"

Nikapiga hesabu. "4,537."

"Sasa mbona unalia wale? Hawa ndio watahitaji mtu."

Tangu hapo nimerudi mara tatu. Nakata majani ukingoni, nasaidia vijana wa pale kutoa takataka, naandika kiwango cha maji kwenye daftari langu mwenyewe. Hakuna anayenilipa, na siwezi kukuambia ni samaki wangapi wamebaki. Bwawa halionyeshi.

Lakini shosho hupita pale akitoka shambani. Wiki jana alinipigia kuniambia kuna vitu vinaruka majini jioni. Nikamuuliza kama ataonja mmoja siku moja.

"Mimi?" akasema. "Mimi nawaangalia tu."