Simba wa Nusu

Uma wa bibi una simba kwenye mpini. Kwa miaka mingi niliuona jikoni kwake Ilomba, akiuchomeka kwenye viazi kujua kama vimeiva, na sikumtazama simba yule hata mara moja. Nilimtazama mwaka jana, baba mdogo aliposema uuzwe.

Paa la bibi linavuja, na baba mdogo alikuwa amesikia kwamba vyombo vya fedha vya wakoloni vina bei. Shangazi akakataa. Paa alilitaka, ila aliogopa swali. Babu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja aliyelima kahawa Mbozi, na mzungu huyo alipoondoka baada ya Uhuru, uma ukabaki kwetu. "Mnunuzi akiuliza mmeupata wapi, mtamjibu nini?" alisema shangazi. Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini lilikaa nasi sebuleni jioni nzima.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma shahada ya uzamili, nikatumwa nimtafute mwenyewe.

Nilianza kwa sonara wa Mwanjelwa. Akausugua, akaupima, akasema ni fedha kweli, atanunua kwa gramu na kuyeyusha. Nyumbani nikazikuza kwa kamera ya simu zile alama ndogo za nyuma ya mpini. Uma wa Kiingereza hujieleza wenyewe. Simba mdogo anayetembea maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1000, sehemu 925 ni fedha tupu. Kichwa cha chui ni alama ya London. Nanga ingekuwa ya Birmingham. Kichwa cha mfalme au malkia kilithibitisha kwamba kodi imelipwa, na kilipigwa kuanzia 1784 hadi 1890. Wetu unacho kichwa hicho. Yaani mji wa Mbeya ulipoanzishwa mwaka 1927, uma huu ulikuwa tayari mzee.

Simba wa nembo ni mwingine, na yuko upande wa mbele. Ni nusu ya juu tu, amesimama, kucha mbele, na chini yake kuna kitambaa kilichosokotwa kama kata ya kubebea ndoo. Katika nembo kamili ya ukoo wa Kiingereza, kipande hiki hukaa juu kabisa, kwenye kofia ya chuma. Kwenye uma hakuna nafasi ya nembo nzima, kwa hiyo huchorwa hicho tu. Kuna kitabu maarufu cha Fairbairn kilichoorodhesha nembo za aina hii za koo za Uingereza na Ireland. Nilidhani nitafungua, nimwone simba wetu, nisome jina. Nikakuta simba wa nusu anatumiwa na koo nyingi mno. Nembo peke yake haimtaji mtu.

Nilimpelekea bibi jibu hilo. Nilimkuta anaosha sufuria zilizorudi kutoka msiba wa jirani. Akapindua moja. Chini yake kulikuwa na herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari.

"Hii si yetu," alisema. "Na ile pale si yetu. Za kwetu mbili sijaziona tangu tulipomzika babu yako."

Mtaani kwetu kila nyumba huandika sufuria zake hivyo, ili zirudi baada ya shughuli. Na kila nyumba ina moja ambayo haijarudi kwao. Hatuitani wezi.

"Sasa bibi, ule uma babu alipewa au aliuchukua?"

Aliendelea kusugua kwa mchanga na majivu.

"Alikuwa anadai miezi mitatu," alisema.

Nikasubiri. Hakuongeza neno.

Njiani kurudi nilifikiria kwamba ukoo ule ulilipa fundi achore simba, ili popote uma utakapofika ijulikane kwamba ni wao. Miezi mitatu ya babu haikuchorwa mahali. Ilibaki kichwani mwa bibi, na bibi hakuwahi kuulizwa.

Nikampigia baba mdogo: gramu za uma mmoja hazitaezeka nyumba, tuchange tununue bati. Kisha nikampigia shangazi, nikamweleza alichosema bibi. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Mshahara wenyewe," akauliza, "ulikuwa shilingi ngapi kwa mwezi?"